Nyasi Ndani ya Viatu vya Ravna

Jovnna alikuwa na jambo moja tu la kujisifia, nalo ni miguu yake. Hakujisifia kulungu wake wa kufuga, ambao walikuwa wa kadiri, wala kurusha kamba ya kuwanasia, maana hapo watu wangemcheka. Lakini watu wakikaa kuuzunguka moto, huyu anavua kiatu asugue vidole vilivyokufa ganzi, yule anasimulia jinsi mjomba wake alivyokatwa kidole gumba, basi Jovnna alikuwa akinyoosha miguu yake mirefu na kusema, "Mimi tangu nizaliwe sijui miguu baridi ni kitu gani. Ukoo wetu una damu nzito." Watu wakamwamini, kwani kweli hakuna aliyewahi kumwona akikanyagakanyaga chini kama wenzake.

Mkewe Ravna alimsikia, akakoroga nyama chunguni, akanyamaza. Alikuwa na miaka thelathini na minane ya kunyamazia jambo hilo. Kila asubuhi ya baridi tangu wiki ya harusi yao, yeye ndiye aliyetangulia kuamka, akawasha moto, akavichukua viatu vya manyoya vya mumewe na kuvijaza nyasi. Jovnna akiamka anavikuta tayari mlangoni, anaingiza miguu mitupu, anafunga utepe kwenye kifundo, anavaa skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na kwenda zake kwa kundi. Ungemuuliza nyasi zile zimeingiaje mle, nadhani angekujibu kwamba viatu huzaliwa nazo.

Nasema miguu mitupu kwa sababu siku hizo, kabla pikipiki za theluji hazijafika kwetu kaskazini, soksi zilikuwa kitu cha watu wa mjini. Sisi tulivaa nyasi. Nazo hazikuwa nyasi za kuokota tu njiani. Ravna alizikata mwezi wa nane kando ya mto, matope magotini, mbu wakimla hadi kope. Alizitwanga kwa rungu juu ya gogo mpaka zikalainika, akazichana, akazisokota mafungu, akayatundika yakauke kwa upepo. Chema chajiuza: kila vuli jirani walipitapita hemani kwake wakizungumzia habari za hali ya hewa, macho yao yako juu kwenye mafungu, mpaka aseme mwenyewe, "Haya, chukua moja."

Kisha vuli moja, mwezi wa tisa, kulungu walipokusanywa kwa ajili ya kuchagua wa kuchinjwa, Ravna alimnasa dume mmoja mkaidi, na kamba ikamzunguka mkono wa kulia kabla hajaiachia. Dume aliondoka na vidole viwili. Vitatu vilivyobaki daktari alivishona vikapona, lakini vilipona vikiwa vigumu kama vijiti, havikunjiki wala havishiki. Ravna alimshukuru Mungu kwamba mkono wa kushoto ni mzima, halafu wiki hiyohiyo akagundua kwamba mkono wa kushoto peke yake si wa kujivunia. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na kiatu pia haukijazi. Kiatu kinataka mkono mmoja ukipanue na kuzishika nyasi zisirudi, mwingine uingie ndani ukazipange.

Alijaribu kwa meno. Alijaribu kwa magoti. Jovnna naye ikabidi ajijazie viatu vyake, na haukupita mwezi watu wakamwona kwenye kundi akikanyagakanyaga theluji kama farasi.

"Mzee, vipi?" walimuuliza. "Damu imekuwa nyepesi?"

"Viatu vimezeeka hivi," alijibu, akarudi hemani kumwambia mkewe vilevile.

"Vimezeeka, ndiyo," alisema Ravna. Angeweza kusema mengi, lakini siku hizo hakuwa na moyo wa mzaha. Mwezi wa kumi na moja alitoka kwa skii kutafuta kuni, mwendo wa kupika kahawa tu, akarudi kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimeanza kuganda, cheupe kama mshumaa. Mwanawe Niillas alimkuta akikisugua.

"Mama," alisema Niillas, akichuchumaa, "miguu si kitu cha kuchezea."

"Nani anacheza?"

"Nimeongea na Biret. Ana chumba kwake, chenye jiko lake la chuma. Dirisha linatazama mto. Utakaa vizuri."

Biret alikuwa binti wa Ravna, aliyeolewa na seremala katika kijiji cha kanisa, ng'ambo ya ziwa, mwendo wa siku nzima kwa skii. Ravna aliitazama ile sura ya mwanawe iliyojaa huruma, akatamani kuipiga kofi. Aliijua nyumba ya namna hiyo. Shangazi yake aliingizwa kwenye chumba chenye jiko kwa majira ya baridi moja tu, akatoka humo baada ya miaka kumi na minne, amebebwa. Ravna alizaliwa hemani, na kila masika ya maisha yake alikuwa ameongozana na kundi kwenda baharini. Aliwapenda watoto wake, lakini hakutaka kulindwa nao.

Mwezi wa pili ikaja barua ya Biret. Amejifungua mtoto wa kike. Ataitwa Ravna. Ubatizo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu. Niillas alisoma kwa sauti: "Mama asijisumbue na baridi hii. Mama mkwe wangu anaweza kumshika mtoto kwa niaba yake. Ila akija kwa sleji ya kukokotwa na kulungu, amefunikwa vizuri, basi abaki kabisa, chumba nimeshakipaka rangi."

Kwetu, mtoto akipewa jina lako ni kama umepewa ndugu. Unamshika wewe mwenyewe mbele ya maji, unamzawadia ndama jike, na kuanzia siku hiyo mnaitana "wajina" mpaka mmoja wenu afe. Kushikiwa na mama mkwe wa mtu haikuwa habari ya kujadiliwa.

"Nitakwenda," alisema Ravna. "Nitakwenda kwa skii, na nitarudi kwa skii."

"Na miguu?" aliuliza Niillas.

"Miguu ina siku kumi." Akamgeukia mumewe, aliyekuwa akitafuna ulimi mkavu wa kulungu bila wasiwasi wowote. "Mzee. Futa mikono, uje hapa."

Jovnna alikuja. Akapewa kiatu.

"Hiki ni chako," alisema Jovnna.

"Najua ni changu. Kijaze."

Alishindilia nyasi mle kama mtu anayejaza utumbo damu ya kupikwa, kwa bidii, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Ravna alimtazama.

"Sio hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo unavyofanya."

"Sasa nifanyeje?"

"Fanya inavyofanywa!"

"Bibi wee, mimi nitajuaje inavyofanywa ikiwa hujaniambia?"

Ravna alitaka kumweleza. Aliona jambo la ajabu, kwamba hajui. Mikono ilijua, na mikono haikuwahi kumweleza mtu yeyote, wala yeye mwenyewe. Alitafuta neno la kile kitendo cha kuzizungusha nyasi nyuma ya kisigino na kuzilaza, akakuta halipo. Alikasirika mpaka machozi yakamlenga, naye hakuwa mtu wa kulialia.

"Jaza na cha pili," alisema mwishowe. "Nivishe vivyo hivyo."

Akavishwa, akatoka. Alivaa skii, akashika fimbo moja kwa mkono wa kushoto kama wazee wa zamani, akateleza kukizunguka kisiwa kidogo kilicho mbele ya kambi, akarudi. Alikaa kwenye ngozi, akafumba macho, akaisikiliza miguu yake.

"Kidole cha mwisho cha kushoto kinalia," alisema.

"Kinasemaje?"

"Kinasema fundi wake ni mbumbumbu. Na kisigino cha kulia kina upepo. Vua, ujaze upya."

Hivyo ndivyo shule yao ilivyoanza. Mdomo wa Ravna haukujua kufundisha, lakini miguu yake ilijua kulalamika, na Jovnna, tumpe haki yake, alijua kusikiliza malalamiko. Kila asubuhi alipiga magoti mbele yake, akajaza, akamfunga utepe, akamtuma kisiwani. Kila alipotoka kulikuwa na kosa jipya. Siku ya pili alikausha nyasi karibu mno na moto, zikavunjika zikawa vumbi, na Ravna akarudi ana makapi katikati ya vidole. Siku ya tatu alikaza utepe kama anafunga dume wa kuvuta sleji, damu haikupita.

"Mimi nitatoroka?" alimuuliza Ravna. "Mbona unanifunga hivi?"

"Nilidhani theluji itaingia."

"Theluji haiingii, na mimi mwenyewe siingii. Legeza!"

Majirani walianza kupita karibu na hema ili wasikie. Mmoja aliuliza kama Jovnna ameajiriwa kuwa mjakazi. "Mshahara sijauona bado," alijibu Jovnna kutoka ndani, "lakini matusi napewa milo mitatu kwa siku."

Kulikuwa na jambo ambalo Ravna hakumwambia mtu. Tangu mama yake alipoacha kumvisha viatu, akiwa na miaka mitano au sita, hakuna aliyewahi kuishika miguu yake. Sasa kila asubuhi kichwa cha mvi kilimwinamia, na mikono mikubwa yenye makovu ya kamba ilimshika kisigino kama yai. Mwanzo aliona aibu. Kisha akaona raha, naye akashangaa kwamba raha hiyo ilikuwapo duniani muda wote huo.

Siku ya sita baridi ilishuka kwa ghafla. Miti ilipasuka msituni kwa mlio wa bunduki. Jovnna alitazama nje, akaingiwa na hofu kwa ajili ya mkewe, akachukua nyasi mara mbili ya kawaida na kuziingiza zote. Ni kosa la kila mtu anayependa. Ravna alizunguka kisiwa, na alipofika nusu akaona hasikii maumivu tena, na hilo ndilo lililomtisha. Alirudi akichechemea. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe.

Jovnna alimkalisha kwenye ngozi. Alipandisha kanzu yake ya ngozi na shati, akauchukua ule mguu akauweka juu ya tumbo lake tupu, akaufunika. Alishtuka kwa ubaridi wake, lakini hakuutoa. Wakakaa hivyo muda mrefu, wanatazamana.

"Nimekuulia mguu," alisema Jovnna.

"Bado. Nyamaza, upashe."

"Niliongeza kwa sababu ya baridi."

"Najua."

"Sasa baridi ikizidi mtu anapunguza?"

Ravna alifikiri. Kwa mara ya kwanza neno lilikuja. "Vidole lazima vipate kucheza," alisema. "Humo ndani viwe vinacheza. Vikikosa pa kuchezea vinakufa. Nyasi hazipashi, mzee. Wewe ndiye unayejipasha. Nyasi zinakulindia tu."

Damu iliporudi iliuma vibaya sana, na Ravna akagumia, na Jovnna akacheka kwa furaha kwa sababu mguu unaouma ni mguu mzima. Kisha alichukua kile kiatu, akatoa nyasi zote, akaanza upya. Safari hii hakuangalia. Aliingiza ngumi ndani, akaifungua na kuifumba, akaongeza kidogo kisiginoni, akafungua na kufumba tena, macho yakiwa juu kwenye tundu la moshi. Siku ya saba kidole cha mwisho kiliacha kulia. Siku ya tisa Ravna alizunguka kisiwa mara mbili, akarudi, akakaa, akafumba macho.

"Eeh?" aliuliza Jovnna.

"Kimya," alisema Ravna. "Vinanong'ona kidogo, lakini havilalamiki."

Asubuhi ya safari, Niillas alileta sleji na dume mpole wa kuivuta. Alikuwa ametandika ngozi mbili ndani.

"Ya mizigo," alisema.

"Mizigo gani inataka ngozi mbili?"

"Mama, ukichoka upande. Si aibu."

"Kukaa kwenye sleji siku kama hii ndiko kunakowaulia watu miguu," alisema Ravna. "Anayeteleza anapata joto. Na mimi si furushi." Lakini alijua sleji ile itakuwa nyuma yake njia nzima, na akiipanda, basi itampeleka moja kwa moja mpaka kwenye kile chumba.

Jovnna alitumia muda mrefu sana kwa viatu vya mkewe asubuhi ile. Alivijaza, akazitoa nyasi, akavijaza tena. Kahawa ikapoa. Hatimaye wakamwachia Niillas kundi, wakaondoka, Ravna mbele, Jovnna nyuma akimwongoza dume.

Jua lilikuwa limeanza kurudi siku hizo baada ya giza la majira ya baridi, likapanda kidogo juu ya milima, jekundu, bila joto lolote. Ziwa lilikuwa jeupe mpaka mwisho wa macho. Pumzi iliganda kwenye kope, kwenye nywele, kwenye pua za dume, na theluji ililia kwa sauti nyembamba chini ya skii, jinsi inavyolia katika baridi ya kweli tu. Ravna aliteleza taratibu bila kutoa jasho, maana jasho ni adui wa pili. Kila baada ya hatua mia alivikunja vidole vyake na kuvikunjua, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu watoto wake wakati wa kulala. Wote walikuwapo. Wote walikuwa na joto. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wetu ule usio na maneno, wa baba yake. Alikuwa na furaha ambayo hakuionja tangu dume yule alipoondoka na vidole vyake.

Katikati ya ziwa aligeuka, akaona Jovnna yuko mbali nyuma. Alimngoja. Jovnna alikuja akiinua magoti juu sana, kama korongo kwenye kinamasi.

"Mzee, unacheza ngoma?"

"Nanyoosha magoti."

"Tangu lini magoti yako yanahitaji kunyooshwa?"

"Twende bibi, tutachelewa."

Ravna hakwenda. Alimtazama uso. Miaka thelathini na minane hakuwahi kuiona hofu ya miguu katika uso ule, lakini aliijua kwa watu wengine wote.

"Viatu vyako ulivijaza saa ngapi?"

Jovnna alitazama upande wa milima.

"Jovnna."

"Wakati unavaa kofia. Nilikuwa nimesimama."

"Umesimama! Ulivijaza umesimama!" Sauti yake ilitembea juu ya barafu yote. "Mtu mzima, siku kumi namfundisha, halafu anavijaza viatu vyake kama anamtupia mbwa mfupa!"

"Vyako nilivijaza mara mbili," alisema Jovnna polepole. "Muda uliisha."

Hapo Ravna alitaka kumtukana zaidi, akaacha. Alimshika mkono wa kanzu, akamkokota hadi kwenye kisiwa kilichokuwa karibu, nyuma ya vichaka ambako upepo haufiki. Jovnna aliwasha moto wa magome na matawi. Ravna akamkalisha ndani ya sleji, juu ya zile ngozi mbili za Niillas, akamwambia avue. Vidole vilikuwa vya kijivu, bado havijawa vyeupe. Ravna alifungua kanzu yake kifuani, akaviweka mle, akapiga ukelele, na dume akageuza kichwa kuwatazama.

Viliporudiwa na damu, walijaza pamoja. Jovnna alishika kiatu kwa mikono yake miwili na kukipanua. Ravna aliingiza mkono wa kushoto. Aliijua miguu ile kuliko mwenye miguu: kisigino cha kulia chembamba, kidole gumba kinachopenda kukimbilia nje, ule uvimbe mdogo pembeni ambao nyasi hazitakiwi kuugusa. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini ulikuwa umekaa ukitazama kazi ya mwenzake maisha yote, na haukuwa mgeni. Kiatu cha pili kilikwenda haraka kuliko cha kwanza.

Jovnna alivaa, akasimama, akavikunja vidole. Vilicheza.

"Ravna," alisema. "Ile damu nzito ya ukoo wetu."

"Eeh, nini?"

"Zilikuwa nyasi."

"Nilikuwa mimi," alisema Ravna, akavaa skii zake.

Walifika kijijini jua limeshazama, mwanga wa buluu ukiwa bado juu ya theluji. Biret alikuwa amesimama barazani na shali begani, anatazama njia ya ziwani. Aliona watu wawili wamefunikwa na umande ulioganda hata nyuso hazijulikani, na nyuma yao sleji. Akakimbia. Aliwapita wote wawili, akapiga magoti kando ya sleji na kuzifunua ngozi, "Mama! Mama, unanisikia?" Akakuta paja la nyama iliyoganda na mfuko wa jibini.

"Mama yuko wapi?" alimpigia baba yake kelele.

"Nyuma yako," alisema Jovnna. "Na anataka kahawa."

Usiulize Biret alivyolia, wala alivyochekwa baadaye. Mchungaji wa kanisa alisema kipimajoto chake siku ile kilishuka nyuzi arobaini na mbili chini ya sifuri. Biret alimvua mama yake viatu kwa mikono yake mwenyewe, akavishika vidole, akavihesabu mara mbili. Vilikuwa na joto kama mikate.

Jumapili Ravna alimshika mtoto mbele ya maji. Alimlaza kwenye kiwiko cha mkono mbovu, na kumbe mkono mbovu kwa kulaza mtoto haukuwa na kasoro hata moja. Mtoto alipiga chafya maji yalipomgusa. "Haya, wajina," Ravna alimnong'oneza, "tumeshajuana." Wakala nyama ya kuchemsha na uboho, wakanywa kahawa mpaka mikono ikawatetemeka.

Chumba kilikuwa kizuri, nisidanganye. Kilipakwa rangi ya maziwa. Jiko lilinguruma kwa upole pembeni, kitanda kilikuwa na mto wa manyoya ya bata, na dirisha lilitazama mto kweli. Usiku wa kwanza Ravna alilala kama jiwe. Usiku wa pili pia. Asubuhi Biret alimletea mtoto kitandani, akakaa ukingoni.

"Baki, mama," alisema. "Sikulazimishi. Umeshatuonyesha. Hakuna atakayesema umeshindwa. Baki tu kwa sababu nakutaka."

Ravna hakuwa amejiandaa kwa maneno hayo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, anapumua mdomo wazi, ana harufu ya maziwa, na Ravna alitaka kubaki. Alilitambua hilo waziwazi, likamuuma. Jovnna alikuwa hajasema chochote siku zote mbili, wala kuhusu chumba, wala kuhusu safari ya masika. Alikula, akamsifu mjukuu, akaenda kumtazama dume.

Ravna aliinuka na mtoto mkononi, akatoka hadi jikoni, Biret akimfuata.

Jovnna alikuwa amekaa sakafuni, nyasi zimemzunguka. Viatu vyake vilikuwa tayari, vimesimama kando ya mlango, na safari hii alivijaza akiwa ameketi. Viatu vya Ravna vilikuwa mapajani mwake, vitupu. Fungu la nyasi lilikuwa limefunguliwa na kuchambuliwa karibu na goti lake, zile laini kuliko zote, lakini hakuwa ameziingiza hata jani moja. Ilionekana amekaa hivyo muda mrefu.

"Nijaze?" aliuliza.

Hakuinua macho. Alikuwa akikipapasa kiatu kwa kidole gumba, kwenye mshono, kwenda na kurudi. Mtu huyu hakuwahi kumuuliza kama anakuja masika, wala baharini, wala popote, kwa miaka thelathini na minane, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba anaweza asije. Sasa anauliza, na Ravna aliona kwamba anaogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa baridi.

Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, akaunyoosha mguu mtupu mpaka ukagusa goti lake.

"Anza na kisigino," alisema. "Mara ngapi nikwambie, we mzee?"